Kufunga umeme wa akiba wa haidrojeni kwenye mnara wa simu

Umeme ukikatika Dar, mnara wa simu hushikiliwa na betri, kisha jenereta ya dizeli. Seli ya haidrojeni, yaani mashine inayogeuza gesi ya haidrojeni kuwa umeme, inaweza kushika nafasi ya jenereta hiyo bila moshi. Kinachotoka ni maji na joto. Lakini usikimbilie kuchagua mashine. Jua kwanza gesi itatoka wapi na itafikaje mnarani.

Hatua ya 1: Pima mzigo. Bana klampu mita kwenye waya wa DC unaotoka kwenye rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa AC wa gridi kuwa DC wa mnara), jioni watu wanapojaa kwenye intaneti. Ukipata ampea 40 kwa volti 50, hizo ni kilowati 2. Kiyoyozi kihesabu peke yake, kwani kinataka umeme wa AC.

Hatua ya 2: Hesabu mitungi. Kilo 1 ya haidrojeni hutoa uniti 15 hivi za umeme. Mtungi wa lita 50 uliojazwa hadi presha ya ba 200 una gramu 700 hivi tu, yaani kama uniti 10. Kilowati 2 kwa saa 8 ni uniti 16, kwa hiyo mitungi 2 inatosha. Mimi huweka 4, maana gari la gesi nalo hukaa foleni ya Mbagala. Na kwa kuwa mtungi wenyewe unapita kilo 50, unalipia zaidi safari ya chuma kuliko ya gesi. Muulize muuzaji gesi yake imetengenezwaje: haidrojeni nyingi duniani hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na hewa ukaa yake imeshatoka kiwandani.

Hatua ya 3: Weka mitungi nje, kivulini, ndani ya kizimba cha wavu, imefungwa mnyororo. Hapa sikubali njia ya mkato. Haidrojeni hushika moto ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa, na mchana moto wake karibu hauonekani. Hupanda haraka, hivyo acha upenyo juu kabisa. Kihisi cha gesi kikae darini.

Hatua ya 4: Tumia bomba la chuma cha pua. Lijaze naitrojeni kwanza, paka povu la sabuni kila kiungo, subiri. Kiungo kikitoa hata kipovu kimoja, punguza presha, kirekebishe, rudia.

Hatua ya 5: Unganisha seli na betri. Usiziondoe: seli huhitaji muda kidogo kuamka.

Hatua ya 6: Kigamboni na Kunduchi hewa ina chumvi, na chumvi huharibu seli. Kagua chujio la hewa mara kwa mara. Kila mwezi zima swichi kuu, uiache seli ibebe mzigo halisi; ikikaa muda mrefu bila kazi, utando wake hukauka na nguvu hushuka.