Kuosha gari bila kuijaza mikwaruzo

Gari yangu ni nyeusi, na kosa nililofanya nikiinunua ni kuwaachia vijana wa karwashi kila Jumamosi. Kwa kivuli ilikuwa inang'aa fiti, lakini jua la saa sita likiipiga unaona boneti yote imejaa viduara kama utando wa buibui. Hiyo si barabara imefanya, ni kitambaa. Kimetoka kupangusa rimu za pikapu ya mawe, kikachovywa kwa ndoo ileile, sasa kiko kwa mlango wako na mchanga wote ndani, ni kama msasa tu.

Sasa naosha mwenyewe. Ndoo mbili, glavu ya mikrofaiba, taulo safi na shampuu ya gari. Sabuni ya unga au ya vyombo wacha ikae jikoni, inatoa waksi. Osha asubuhi mapema ama jioni, kwa kivuli, kwa sababu boneti ikiwa moto povu inakaukia hapo na kuacha alama.

Anza na maji peke yake, na hapa ndio watu wengi huwa na haraka. Usiguse rangi na kitu chochote kabla vumbi ishuke. Kama huna mashine ya presha, mwaga na mtungi polepole kutoka juu, na kama umetoka Syokimau, huko nje kidogo ya Nairobi, na ile tope nyeusi imekauka, mwagia, ngoja dakika tano, mwagia tena, usikwangue na kucha tafadhali.

Ndoo moja ni ya povu, ingine ya kusuuza glavu kila ukimaliza sehemu. Juu kwanza, sketi za chini ya milango mwisho, unapitisha kwa mstari ulionyooka bila kuzungusha. Rimu zina kitambaa chao. Glavu ikianguka chini, hiyo imeenda, chukua ingine.

Ukisuuza kausha hapo hapo, hasa kama mnatumia maji ya kisima, yale ya chumvi yakikauka yenyewe yanabaki madoa meupe yasiyotoka na maji tena.

Halafu waksi. Paka nyembamba, sehemu moja moja, ikifanya ukungu pangusa. Ya karnauba, ile ya mmea, hukaa kama miezi miwili hivi, silanti, yaani ile ya kemikali ya kiwandani, hukaa zaidi. Ukiona maji yanatandaa badala ya kusimama matone, imeisha. Na usidanganyike na baridi ya Julai, hapa Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, jua la huku linakula rangi, uliza mwenye gari nyekundu.

Kinyesi cha ndege hakingoji Jumamosi. Kina asidi, kinakula klia, ule utando angavu unaokinga rangi, na ukipaki chini ya wale korongo wa Nyayo Stadium utajua hujui. Mimi nabeba chupa ya maji na tishu kwa gari: lowesha, tandaza tishu juu, ngoja kilainike, inua bila kusugua. Maua ya jakaranda yakianza kumwagika Oktoba, toa kabla yanyeshewe yakaanza kunata.

Kama viduara viko tayari, waksi itavificha tu. Kuvitoa ni polishi ya mashine, ambayo inapunguza klia, na klia ni nyembamba kuliko karatasi, kwa hivyo fundi akikwambia upolishi kila mwezi, mshukuru uende zako. Na kava ya gari usiwahi kufunika juu ya vumbi, upepo ukiitikisa usiku kucha inasugua kazi yako yote.