Ng'ombe akitupa mimba, usiguse kwa mikono mitupu

Wafugaji wenzangu wa Rungwe na Njombe, ng'ombe akitupa mimba ya miezi 7 au 8 msiseme tu kateleza kwenye tope. Shukuni brusela kwanza, ugonjwa wa bakteria unaotupisha mimba. Zalio mara nyingi hugoma kutoka, kizazi kinaoza, anachelewa kushika mimba nyingine, na maziwa ya msimu huo yanakuja pungufu.

Mwaka jana nilimkuta jirani amekumbatia ndama aliyetupwa, majimaji yakimtiririka hadi viwikoni, anakwenda kumfukia juujuu chini ya migomba. Usiku uleule mbwa wakafukua. Iliniuma sana, maana majimaji yale na zalio ndimo vijidudu vinamojaa, na binadamu naye huambukizwa: homa za kwenda na kurudi, viungo vinauma, unatibiwa malaria miezi na miezi.

Kwa hiyo vaa glavu. Mwite mtaalamu wa mifugo achukue sampuli kabla hujazika, kisha zika kwa kina, pamoja na zalio na matandiko, na umwagie chokaa. Mtenge ng'ombe huyo, banda zima lipimwe damu. Ng'ombe akikutwa na brusela, msidanganywe na sindano za kutibu. Huyo ni wa kuondolewa kundini kwa ushauri wa mtaalamu, na tafadhali asiuzwe kwa mfugaji mwingine. Ndama jike wa miezi 3 hadi 8 ulizieni chanjo.

Maziwa yachemke mpaka yatokote, hata yale ya kugandisha mtindi.