Kabla ya kufunga kizazi: ya kuuliza na ya kusema

Kina mama wengi hapa Tanga wakishaamua kwamba watoto wanatosha, huambiwa kufunga kizazi ni operesheni ndogo na jioni utalala kwako. Ni kweli: mara nyingi ni chale ya sentimeta 2 hadi 5, ganzi, mirija miwili ya uzazi inafungwa na kukatwa. Ila tumbo limefunguliwa. Damu inaweza kuvuja, kidonda kinaweza kuoza, na kwa nadra kibofu au utumbo huguswa.

Kwa hiyo usifiche kitu. Taja presha, kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo, upungufu wa damu, hata dawa za miti shamba unazokunywa. Operesheni ya zamani itaje kwanza kabisa, kwa kuwa makovu hugandisha viungo, na hapo ndipo utumbo hujeruhiwa. Ukiwa na homa au uchafu unaonuka ukeni, tibiwa kwanza. Kwa aliyejifungua, wakati unaofaa ni ndani ya siku 7, au wiki 6 zikishapita.

Uliza nani atakupasua, vifaa vinachemshwaje, na damu ikivuja utapelekwa wapi. Usione haya. Novemba 2014, katika jimbo la Chhattisgarh nchini India, wanawake 83 walifungwa kizazi kwa saa chache kwenye kambi moja ya upasuaji, na zaidi ya 10 wakafa. Ukiona foleni inakimbizwa, nyanyuka urudi siku nyingine.

Usisaini ukiwa na uchungu wa kuzaa, wala kwa kushinikizwa na mume au mawifi. Kufungua tena ni kazi ngumu, na mara nyingi haiwezekani. Kijiti na kitanzi vya kuzuia mimba vipo, na ukitaka kuzaa tena huondolewa. Mume naye anaweza kufungwa. Operesheni yake ni nyepesi na salama zaidi, ingawa nyumba nyingi za huku hazitaki hata kulisikia hilo.

Usile kwa saa 8 kabla. Ramadhani hesabu tangu daku. Nenda na mtu wa kukurudisha. Anayebeba ndoo za samaki pale sokoni Deep Sea atafute wa kumshikia kazi kwa wiki nzima.

Homa, usaha au maumivu yanayozidi yakikupata baadaye, rudi mara moja. Na jua kwamba kati ya wanawake 1000, kama 5 hushika mimba mwaka wa kwanza, na baadhi ya mimba hizo hutunga nje ya kizazi. Hata miaka ikipita, ukikosa hedhi, tumbo likauma upande mmoja na kizunguzungu kikakushika, nenda hospitali usiku huohuo, na umwambie muuguzi kwamba ulifungwa kizazi.