SOMO: Jaribio la udongo na maji (udongo upi hupitisha maji haraka), darasa la nne, bila maabara

Swali la kufundisha sayansi kwa vitendo bila maabara nimelijibu faragha mpaka nimechoka. Naliweka hapa, msome wote.

1. Watoto walete chupa tupu za maji za lita moja na nusu. Kuzikata vipande viwili ni kazi ya mwalimu.

2. Tafuta mchanga wa korongoni, udongo mwekundu wa shambani na mweusi wa mbugani, yaani udongo wa mfinyanzi. Anika ukauke kabisa.

3. Ponda mabonge. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Udongo wa mbugani ukikauka hushikana mabonge magumu. Ukiutia hivyo hivyo, maji hupenya kati ya mabonge na kushuka haraka kama mchangani, na watoto wataandika kwamba mfinyanzi haushiki maji. Twanga, chekecha, pima kwa kikombe kimoja. Usishindilie chupa moja ukaiacha nyingine! Maji nayo yawe kipimo kimoja.

4. Geuza kipande cha juu cha chupa, funga kitambaa mdomoni, kikalishe juu ya kipande cha chini, tia udongo.

5. Kabla ya kumimina, uliza: maji yatapita wapi haraka? Kila mtoto aandike jibu na sababu. Wewe nyamaza. Anayesema mweusi utachelewa "kwa sababu mvua ikinyesha mbugani maji hutuama" ameshaanza uchunguzi.

6. Mimina, subiri dakika 10, pima yaliyoshuka.

MASWALI

Mdau wa Kongwa: Mkuu, kipindi ni dakika 40. Si niwaandikie matokeo ubaoni tu?
— Hapo utakuwa umefundisha kunakili. Andaa udongo jana yake.

Mzee wa Chaki: Chupa anakata nani?
— Hatua ya 1.

Mwalimu wa Bahi: Wanangu wameuliza, tukichanganya samadi kwenye mchanga itakuwaje?
— Hongera mwalimu, swali zuri sana hilo! Usiwajibu. Ongeza chupa ya nne: mchanga na samadi kuukuu iliyokauka, ujazo uleule, maji yaleyale. Kibadilike kitu kimoja tu. Utaona maji mengi zaidi yanabaki ndani ya mchanganyiko kuliko kwenye mchanga mtupu. Kisha waulize kwa nini wazazi hupeleka samadi shambani.

Mama Miche: Maji yaliyochujika sisi tunamwagilia miche.
— Vizuri, dada. Ila yaliyopita mchangani yanaweza kutoka yakionekana safi, na watoto watataka kuyanywa. Wakatazeni: kichujio hiki hakiondoi vijidudu.