Namna ya Kuchunguza Taswira na Wakati Kifenomenolojia

Anayetaka kuelewa jinsi fenomenolojia, yaani falsafa inayochunguza namna mambo yanavyojitokeza katika fahamu, inavyohusisha wakati na uwezo wa kujenga taswira akilini asianze na saa wala kalenda. Edmund Husserl, mwanzilishi wa falsafa hiyo, katika mihadhara yake ya mwaka 1905, iliyochapishwa mwaka 1928 chini ya uhariri wa mwanafalsafa Martin Heidegger, aliweka kando wakati unaopimwa ili auchunguze jinsi unavyojitokeza katika fahamu. Nawe fanya vivyo hivyo.

Kisha sikiliza muziki mfupi usio na maneno, ukizingatia noti moja inapoifuata nyingine. Iliyotangulia haisikiki tena, lakini haijakuponyoka: bado umeishikilia kama iliyopita punde hivi, na ndiyo maana unasikia muziki, si milio iliyotawanyika. Usiharakishe hapa, kwa kuwa ndipo wasomaji wengi wanapoteleza. Franz Brentano, aliyekuwa mwalimu wa Husserl, alishikilia kwamba taswira ndiyo inayoongeza wakati uliopita juu ya kile tunachokihisi sasa. Husserl alikataa, na kwa maoni yangu alikuwa na haki: kama noti iliyopita ingekuwa taswira tu, tungebaki na kitu cha sasa kinachowakilisha kilichopita, na kupita kwenyewe tusingekuona kamwe. Kuishikilia noti ile ni sehemu ya kusikia kwenyewe.

Muziki ukiisha, ukumbuke. Halafu buni akilini mwingine ambao hujapata kuusikia. Yote miwili inakwenda noti baada ya noti, ila wa kwanza unaukumbuka kama uliokuwapo kweli, ukiwa na mahali pake katika mfululizo wa maisha yako. Ule wa kubuni una mwanzo, mwendo na mwisho, lakini wakati wake ni wa “kana kwamba”: unakwenda kana kwamba umetukia, ilhali haukutukia kweli.

Unapoandika maelezo, tenganisha muda wa kuwaza na muda wa kinachowazwa. Mtu anayepanda ngazi anaweza kuwaza safari ya siku nzima: kuwaza kwake kulitukia alipokuwa ngazini, lakini safari yenyewe haikutukia siku yoyote.

Hatimaye, waza moto unaoteketeza msitu, kisha, pasipo kuviunganisha, mtoto anayevuka mto, na ujiulize kipi kilitangulia. Utajua ulichokiwaza kwanza; lakini kati ya moto wenyewe na uvukaji wenyewe hakuna kilichotangulia wala kilichofuata, mpaka utakapoviingiza katika hadithi moja.