Batiki: okoa nta kabla hujamwaga maji

Kwa mnaotengeneza batiki, yaani kitambaa kinachopakwa nta ili rangi isishike penye nta: unapoitoa nta hiyo, mchemsho wa kwanza uwe wa maji matupu, bila sabuni wala magadi. Nta ikishayeyuka, opoa kitambaa kwa mti maji yakiwa bado yanatokota, ukikisukasuka ili kisitoke na nta iliyoelea. Funika sufuria, iache hadi asubuhi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, nayo ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo yakipoa utaikuta imeganda juu kama ukoko. Ibandue, kwangua uchafu wa upande wa chini, ianike ikauke kabisa. Nta ya mshumaa nayo huokolewa vivyo hivyo. Sabuni ingoje mchemsho wa pili.

Unapunguza gharama ya nta, lakini kwangu kubwa zaidi ni mtaro: nta ikimwagwa ya moto inakwenda kuganda mbele na kuuziba, na anayefurikiwa ni jirani wa chini.

Njia hii haifanyi kazi ukishatia sabuni au magadi. Maji yanageuka meupe kama tui na nta haijitengi vizuri. Pia nta iliyookolewa hubeba rangi, hivyo usiirudishe kwenye kitambaa cheupe; itumie kwenye vitambaa vya rangi nzito. Na ikiwa bado na unyevu usiiweke motoni, itaruka na kukuunguza. Hata ikikauka, iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto.