Somo: Kujirudishia nguvu baada ya shughuli, kwa sisi tunaochoshwa na watu

Wakuu, kila baada ya harusi naulizwa jambo hilihili, basi naandika mara moja. Ni kwa wale ambao vikao, ndugu na spika huwamaliza hata kama walifurahi. Siyo ugonjwa, Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alishaandika habari zetu mwaka 1921.

1. Kula, oga.

2. Simu iache chumba kingine. Makundi ya WhatsApp ni kikao kilichokufuata kitandani.

3. Aga. Hapa ndipo panapoharibika. Ukijifungia kimyakimya katika nyumba zetu hizi, mama mkwe ataanza kuuliza nani kamuudhi mwanangu. Atagonga mmoja, atagonga wa pili, mwisho mnakaa kusuluhishwa na wewe ndiye unayeomba radhi. Sema mapema na utaje saa: "Mama, najinyoosha kidogo, saa kumi tutakuwa wote jikoni." Saa kumi toka kweli, la sivyo kesho hakuna atakayekuelewa. Wageni wakiingia, wapokee kwanza, kaa nao, ndipo uage. Na usisingizie kuumwa! Watakuja kukujulia hali, chumba kijae.

4. Kaa. Usipange lolote.

MASWALI

– Mkuu, simu naiweka wapi?
– Hatua ya 2. Soma.

– Hii si kuringa tu?
– Anayeringa haagi wala hapokei wageni. Rudi hatua ya 3.

– Tumepanga chumba kimoja watu wanne. Nikajifungie wapi?
– Swali zuri. Usijifungie, toka. Kwa Dar mimi huingia Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi. Kule kunyamaza ndiyo sheria, hakuna wa kukuuliza umenuna nini. Chukua kitabu chochote, hata usipokifungua.

– Na msibani? Tunalala kwa wafiwa siku tatu.
– Hapo kuaga hakupo. Omba ungo, kachambue mchele pembeni. Mwenye kazi mkononi hasumbuliwi, na akisogea mtu mmiminie fungu lake. Wengi hukumbuka ghafla kwamba wameitwa.

– Kwetu wanaume hatuchambui mchele.
– Pasua kuni basi. Au jitolee kuchota maji, kisima kikiwa mbali ndiyo nafuu yako.

– Nimejitolea maji, wakanipa vijana sita wa kunisaidia.
– Wape ndoo zote, wewe baki kulinda foleni.